«Nani Ajua?»

Liko neno moja ambalo siku hizi twalisikia kila mahali: sokoni, njiani, hata mbele ya kanisa watu wakitoka Misa. Neno lenyewe ni fupi: «Nani ajua?» Mtu anaambiwa jambo, anainua mabega, anasema: «Nani ajua?» na mazungumzo yamekwisha. Zamani neno hili lilikuwa la unyenyekevu. Mzee aliulizwa mvua itanyesha lini, akajibu hivyo, na alijibu vema, maana kweli hakujua. Na neno la namna ile hatuna ugomvi nalo. Twagombana na neno jingine lililovaa nguo za lile la kwanza. Hilo halisemi: «Mimi sijui.» Lasema: «Wala wewe hujui, wala mtu yeyote hajui, wala hatajua kamwe.» Je, huo ni unyenyekevu? Hata kidogo! Anayesema hivyo amejiweka kuwa hakimu wa akili za watu wote, wazima na wafu, akazihukumu zote kwa siku moja.

Tueleze kilichotufanya tushike kalamu. Katika mkutano mmoja wa vijana wa parokia, kijana aliyesoma falsafa mwaka mmoja hivi alisimama, akaonyesha benchi kwa kidole, akauliza: «Mwajuaje kwamba benchi hili liko? Pengine mnaota. Mwenye kuota naye huona mabenchi.» Watu wakacheka. Katekista mzee akamwambia: «Kama haliko, basi tuambie ulikuwa umeketi juu ya nini.» Wakacheka tena. Tuseme kweli: swali lilikuwa zuri kuliko jibu. Kijana angaliweza kujibu kwamba hata kuketi kwaotwa. Lakini kabla hajafungua kinywa, mwingine aliyekuwa nyuma alipaza sauti: «Ndivyo hasa! Hata Ebola walituambia iko. Nani aliiona?» Hapo kicheko kikakoma. Maana alikuwako mama mmoja aliyehamia kwetu kutoka upande wa Beni. Mwaka 2019 alizika mumewe na binti yake katika juma moja.

Kijana wa kwanza alikuwa akicheza na akili yake, na mchezo huo si dhambi. Wa pili hakucheza. Ila fimbo aliyoishika ni ile ile iliyoachwa chini na mwenzake. Ndiyo sababu twataka kuitazama fimbo hiyo, imechongwa na nani na kwa mti gani.

Mashaka haya hayakuzaliwa katika simu za mkononi, kama wadhanivyo wazee wengine. Ni ya zamani sana. Mgiriki mmoja wa mji wa Elis, jina lake Pyrrho, aliyezaliwa yapata mwaka 360 kabla ya Kristu, alifuatana na jeshi la Aleksanda mpaka Bara Hindi. Aliporudi kwao alifundisha kwamba hatuwezi kujua vitu jinsi vilivyo hasa. Afadhali mtu asikubali wala asikatae, ndipo moyo wake utatulia. Walisimulia juu yake kwamba hakuepa magari, wala mbwa, wala maporomoko, na ya kuwa rafiki zake walimfuata nyuma ili wamvute asife. Wengine wa zamani zile zile walikana habari hiyo, wakisema alikuwa mtu wa busara katika mambo ya kila siku. Aliishi karibu miaka 90. Sisi hatutaamua nani alisema kweli. Twawatazama wale rafiki tu. Hao hawakuwa na shaka juu ya gari. Waliliona, wakajua kwamba liko, wakamshika mwalimu wao mkono. Basi, ikiwa habari ni ya kweli, Pyrrho alitulia kwa sababu wengine hawakutulia. Na mpaka leo mwenye mashaka makubwa anakula katika sahani ya watu wenye yakini: anapanda motokaa iliyotengenezwa na mtu aliyejua chuma, anavuka daraja lililojengwa na mtu aliyejua uzito.

Wafuasi wa njia hiyo walijiita kwa Kigiriki kwa jina lenye maana ya «watafutaji». Jina zuri! Kitabu chao kikubwa kiliandikwa na Sextus, aitwaye Empiricus, naye, jambo la kuchekesha kidogo, alikuwa mganga wa wagonjwa. Sextus ana haki yake, tusimwonee: alisema kwamba yeye hasemi ukweli haupatikani, bali angali akiutafuta. Tena alikubali kwamba mtu afuate yale yamtokeayo: akiona njaa ale, akiwa na kazi ya kuponya aponye. Basi hata baba wa mashaka alipoitwa kwa mgonjwa hakusema «Nani ajua?» akarudi kulala.

Ndugu zake wa Athene, wale wa shule iliyoitwa Akademia, walikwenda mbali zaidi. Mwaka 155 kabla ya Kristu mmoja wao, Karneades, alitumwa Roma kwa mambo ya serikali. Siku moja aliwahutubia Waroma, akaisifu haki kwa maneno matamu. Kesho yake alihutubia tena, akayabomoa yote aliyoyajenga jana. Vijana wa Roma walishangilia. Mzee Kato alikasirika, akataka jambo lao likatwe upesi wapate kurudi kwao. Twamwelewa mzee Kato, ingawa kumfukuza mtu si kumjibu.

Aliyemjibu alikuja baadaye sana, naye ni Mwafrika. Mtakatifu Agostino, mzaliwa wa Tagaste katika nchi iitwayo sasa Aljeria, alikuwa mwenyewe ameanguka katika shimo hilo. Alikuwa amewafuata Wamanikeo miaka tisa, akaona kwamba wamemdanganya, na mtu aliyedanganywa mara moja huogopa kila neno. Hapo mafundisho ya Akademia yalimpendeza: usikubali kitu, hutadanganywa tena. Hivyo alikaa katika mashaka huko Milano, akifundisha vijana usemaji. Mwaka 386 aliacha kazi hiyo, akaenda kukaa na rafiki na wanafunzi katika nyumba ya shamba mahali paitwapo Cassiciacum. Walibishana siku nyingi, na katika mabishano hayo kilitoka kitabu chake juu ya watu wa Akademia.

Humo mna mfano mmoja tunaoupenda. Akademia walisema: hakuna yakini, lakini mtu afuate lile linaloelekea kuwa kweli. Agostino akasimulia habari za wasafiri wawili wanaokwenda mahali pamoja. Mmoja ni mwepesi wa kusadiki, wa pili ameapa kutosadiki kitu. Wakafika njia panda, wakamkuta mchungaji. Mchungaji akawaonyesha njia. Wa kwanza akamshukuru, akaenda. Wa pili akamcheka mwenzake kwa kusadiki upesi hivyo, akabaki pale. Lakini kukaa njia panda kunachosha. Mwisho akaja mtu juu ya farasi, amevaa vizuri, maneno yake laini. Naye akaonyesha njia nyingine. Alikuwa laghai. Msafiri wetu hakusema kwamba amesadiki, la! Alisema tu kwamba yaelekea kuwa kweli, akaifuata njia ile. Wakati mwenzake amefika anapumzika, yeye azunguka porini. Tafadhali, wasomaji, mkumbukeni yule mtu wa farasi. Tutakutana naye tena.

Agostino hakuishia katika mfano. Aliwaonyesha kwamba mambo mengine hayawezi kutikiswa hata tukiota. Mara tatu tatu ni tisa, hata kama watu wote wa dunia wamelala wanakoroma. Na mtu akisema, «Kitu hiki chaonekana kwangu cheupe,» nani atamkatalia kwamba kinaonekana kwake hivyo? Baadaye, katika kitabu chake kikubwa juu ya Mji wa Mungu, alisema lililo zito kuliko yote: hata nikidanganyika, mimi niko, maana asiyeko hawezi kudanganyika. Zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili ikapita, kisha Mfaransa René Descartes akaifuata njia iliyo karibu na hiyo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1641 alijilazimisha kutia shaka katika vitu vyote, mbingu, ardhi, hata mikono yake mwenyewe. Akajiwazia kwamba pengine roho mwovu mwenye nguvu anamdanganya katika kila jambo. Alipofika chini kabisa alikuta jiwe moja lisilotikisika: yeye anayeshuku lazima awepo.

Hapa kijana wetu atafurahi: «Mwaona? Hata wakubwa walianza kwa shaka!» Ndiyo, walianza. Lakini Descartes alitilia shaka mambo ili apate msingi wa kujenga, kama fundi achimbuaye mchanga mpaka afikie mwamba. Hakujenga nyumba ya shimo. Tena tuna neno moja juu ya Descartes mwenyewe, ingawa ni mtu mkubwa nasi ni wadogo. Alijifungia ndani ya kichwa chake, akafunga mlango na madirisha, halafu akaanza kuutafuta mlango. Akalazimika kuthibitisha kwanza kwamba Mungu yuko na kwamba hadanganyi, ndipo apate kurudishiwa mikono yake. Twadhani kosa lilikuwa katika kujifungia. Mtoto hajui kwanza kwamba yeye yuko, kisha akakisia kwamba mama yake yuko. Amjua mama kwanza. Swali «mimi ni nani» lachelewa kuja miaka mingi.

Na mtu asidhani kwamba mashaka hayo yanakaa vizuri katika maisha. David Hume, Mskoti, aliyeandika mwaka 1739, aliyafikisha mashaka mbali kuliko wengi. Lakini ni mwandishi mwaminifu: alikiri kwamba anapotoka chumbani, akala chakula, akacheza na rafiki zake saa chache, mawazo yale yakaonekana baridi, hata hakuwa na hamu ya kuyarudia. Twamheshimu kwa ungamo hilo. Shaka isiyoweza kuvuka kizingiti cha chumba ina kazi yake chumbani. Haina ruhusa ya kwenda kutawala hospitali.

Kosa la wengi, kwa maoni yetu, ni hili: wanapima kitambaa kwa pishi. Hesabu ina yakini yake, macho yana yakini yake, ushuhuda wa watu una yakini yake. Mtu akitaka ugonjwa wa jirani uthibitishwe kama mara tatu tatu ni tisa, hatathibitishiwa kamwe. Hiyo si ishara kwamba ugonjwa hauko. Ni ishara kwamba ametumia pishi kwa kitambaa. Mwulizeni mtu wa namna hiyo amjuaje baba yake. Atasema alielezwa na mama. Je, alidai hati ya daktari kabla ya kumwita «baba»?

Sasa tuje kwenye Ebola, kwa kuwa ndiko tulikokuwa tunakwenda.

«Nani aliiona?» Tujibu. Katika Septemba 1976, watu walianza kufa huko Yambuku, kaskazini mwa Kongo, penye hospitali ya misioni iliyoangaliwa na masista. Walikufa wagonjwa, wauguzi, na masista wenyewe. Katika watu 318 walioshikwa, 280 walikufa. Sindano zilizotumiwa kwa wengi bila kusafishwa vizuri zilikuwa zimeueneza ugonjwa, bila masista kujua. Daktari Mkongo, Jean-Jacques Muyembe, alikwenda huko akagusa wagonjwa kwa mikono mitupu, kisha akanawa kwa sabuni. Ni neema kwamba yu hai. Damu ya sista mmoja ilichukuliwa Kinshasa, ikasafirishwa mpaka Antwerpen, Ubelgiji, katika chupa ya chai ya moto. Wataalamu walipotazama kwa darubini yao yenye nguvu waliona kitu kirefu, kimepinda kama mnyoo. Damu ilipelekwa pia Uingereza na Marekani, nako walikiona kitu kile kile. Wakakiita kwa jina la mto Ebola, ili watu wa Yambuku wasiaibishwe milele kwa jina la kijiji chao. Basi walikiona. Watu wa nchi tatu, wasiokula chungu kimoja, walikiona.

«Lakini sisi hatukukiona.» Kweli. Hamkuuona upepo pia. Wahenga wetu walisema kwamba penye moshi hapakosi moto, nao hawakuwa wajinga: walijua kwamba kitu kisichoonekana hujulikana kwa kazi yake. Na kazi ya kijidudu hiki imeandikwa. Mwaka 1995 kiliingia Kikwit, na masista sita Waitalia waliokuwa wakiuguza wagonjwa walikufa mmoja baada ya mwingine. Lakini mtu mmoja wa Kikwit aliugua akapona. Miaka ikapita, wataalamu wakachukua damu yake, wakakuta ndani yake kinga iliyopigana na ugonjwa, wakaitengenezea dawa. Dawa hiyo ilijaribiwa kwetu katika ugonjwa wa 2018 na miaka iliyofuata. Katika kila watu 100 waliopewa, walikufa yapata 35. Kwa waliopewa dawa nyingine ya kulinganishia, walikufa yapata nusu. Hebu fikirini vema: kitu ambacho hakiko chawezaje kuacha silaha zake katika damu ya mtu, na silaha hizo zikamwokoa mtu mwingine baada ya zaidi ya miaka ishirini?

Na bado, katika Septemba 2018, wachunguzi walipowauliza watu wazima 961 wa Beni na Butembo, karibu mmoja katika kila wanne alisema ugonjwa haukuwako. Ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umeua watu 2,287.

Hapa twataka kuwa wa haki, maana ni rahisi kuwacheka watu wa Beni ukiwa mbali. Watu wale walikuwa wakichinjwa mashambani mwao tangu 2014, na wengi waliwaona wakubwa wamekaa kimya. Kisha ugonjwa ukaja, na magari mengi, na fedha nyingi, na wageni wengi. Desemba 2018 wananchi wa sehemu nyingine walipiga kura, wao wakaambiwa wangoje mpaka Machi kwa sababu ya Ebola na usalama. Nani asingeuliza maswali? Walikuwa na sababu ya kuwashuku wasemaji. Lakini hapo ndipo akili ilipopotea njia: kumshuku mjumbe si kuuondoa msiba. Mjumbe mwongo aweza kuja na habari ya kweli. Mwenye duka mwizi akikuambia nyumba yako yawaka, tazama nyumba kwanza. Hesabu zake utazikagua kesho.

Na sasa yule mtu wa farasi amefika. Maana wale waliosema «hatusadiki» hawakubaki bila kusadiki. Walimkataa muuguzi wa mtaa wao, mwenye jina, mwenye uso, mwenye mama anayejulikana. Wakapokea sauti iliyotoka katika simu, isiyo na jina wala uso, ikisema kwamba chanjo ni sumu na kwamba vitanda vya wagonjwa ni biashara ya viungo. Je, sauti ile waliiuliza «Nani ajua?» Hawakuiuliza! Shaka yao ilikuwa kali kama wembe kwa upande mmoja, na butu kama ufagio kwa upande wa pili. Huko Butembo, tarehe 19 Aprili 2019, Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyeacha nyumba yake aje kutusaidia, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali. Mtu hashambulii hospitali kwa silaha kwa sababu hana hakika ya kitu. Ana hakika kamili. Ila hakika yake haikupimwa hata siku moja.

Zaidi ya watu 300,000 walikubali kuchanjwa. Walichanjwa kwanza waliomgusa mgonjwa, na waliowagusa hao, hata wakawa kama boma linalouzunguka moto. Na nyuma ya boma hilo alikaa salama pia mtu aliyesema kwamba moto hauko. Rafiki wa Pyrrho walimshika mkono tena, naye hakujua.

Twajua tutakaloambiwa: «Ninyi wa Eklezia mwapenda yakini kwa sababu mwataka watu wasadiki bila kuuliza.» Tazameni basi kitabu kikubwa cha Mtakatifu Thoma wa Akwino. Kila swali aanza kwa kutoa hoja za wapinzani, tena kwa nguvu, mara nyingi kuliko walivyozitoa wenyewe. Jibu lake laja baadaye. Hata katika swali kama Mungu yuko, aanza na hoja za kwamba hayuko. Na yule Thoma mtume hakufukuzwa kwa kudai kugusa. Alisema wazi ni nini kitakachomtosha, naye alipokipata alikubali. Pilato naye aliuliza juu ya ukweli, lakini alitoka nje bila kungoja jibu. Wote wawili waliuliza. Twamwomba kila mwenye mashaka atuambie jambo moja tu: ni kitu gani ukionyeshwa kitakutosha? Akitaja kitu, tutakitafuta pamoja naye, na kama hatukukipata tutakiri. Akijibu kwamba hakuna kitu kitakachomtosha, basi asijiite mtafutaji. Hatafuti.

Mtauliza mkutano wetu uliishaje. Yule mama wa Beni alisimama, akataja jina la mumewe na la binti yake, akataja siku ya kila mmoja, akaketi. Hakusema zaidi. Aliyepaza sauti nyuma alikuwa ametazama chini. Mvua ikaanza, tukabeba mabenchi kuyaingiza ndani, na kijana wa falsafa alibeba lile alilolishuku. Lilikuwa zito, akaomba asaidiwe. Juma lililofuata alikuja kutuazima kitabu cha Agostino. Tumempa. Amesema hajakubaliana na ule mfano wa wasafiri, kwa kuwa mchungaji naye angaliweza kuwa mwongo, na kwamba atarudi na hoja zake ameziandika. Twamngoja.